Nani Ataosha Ukuta wa Mama

Mvua ndefu za mwaka jana ziliangusha kipande cha ukuta wa nyumba ya mama, upande ule mvua inakopigia, karibu na kitanda chake. Kipande chenyewe kilikuwa kikubwa kama mlango. Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua kibanda changu cha kinyozi. Akaniambia habari za mahindi, za ng'ombe kuzaa ndama dume, za kuku wawili kupotea, halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akasema, "Na ukuta umeanguka. Lakini uliangukia nje."

"Uliamka?"

"Niliamka. Nikasogeza kitanda, nikalala."

Mimi ni kinyozi katika mji wa Kakamega. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo kazi yangu ni kushika vichwa vya watu. Wananipa vichwa vyao, wanafumba macho, wananisimulia mambo ya wake zao na ya mashamba yao, na jioni nafagia nywele za wote hao zikiwa zimechanganyika, nafunga mlango, naenda kwenye chumba changu, na hakuna mtu anayejua kama nimefika. Silalamiki. Kazi yangu naipenda, na mimi ni mtu wa kuchekacheka. Ila chumba kile kina kimya chake. Nilinunua redio, na baada ya muda nikajikuta naijibu. Mtangazaji akisema habari za jioni, nasema nzuri.

Kwetu ni Mautuma, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Babu yangu alipata kipande huko, baba akakilima, na baba alipofariki akabaki mama. Mashamba ya huko ni mapana na nyumba ziko mbalimbali. Mahindi yakishapanda kimo cha mtu, mama haoni nyumba ya jirani yeyote mpaka mavuno. Anaona mahindi na anaona mbingu.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikuwa nikienda kumwona. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Anakuwa na isimba, kijumba chake mwenyewe kando ya boma. Isimba yangu ililiwa na mchwa ikalala chini. Kwa muda nilikuwa nikienda nyumbani nalala kwa rafiki yangu, kwenye isimba yake, mpaka akaoa. Mtu akishaoa huwezi kumbishia mlango ukamwambia asogee. Kwa hivyo nikaanza kwenda asubuhi na kurudi jioni, halafu nikawa naenda Krismasi na Pasaka, halafu Pasaka nayo ikaniponyoka. Hakuna aliyenifukuza. Kitanda tu ndicho kilichokosekana, na kila mara niliona ni kitu kidogo cha kurekebisha, nitakirekebisha mwezi ujao.

Basi, ukuta ulipoanguka nilitikisika. Mteja mmoja, mtu anayejenga nyumba za kupangisha, aliniambia nikiwa namnyoa ndevu kwamba siku hizi ukuta wa udongo unavalishwa.

"Unavalishwa vipi?"

"Kama wewe unavyovaa. Unapigilia mabati ya rangi nje, ama bodi za simiti, ama vipande vya plastiki. Na vinakuja na waranti. Miaka ishirini na tano hugusi kitu."

Hugusi kitu. Maneno hayo niliyabeba wiki nzima. Kila Disemba wanawake wa kule kwetu hukusanyika kupaka nyumba ya mama kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na mama mwenyewe, na bega lake linalouma, hupanda juu ya kiti kufika chini ya paa. Nikaona picha ya ukuta unaong'aa, rangi ya maziwa na chai, na mama amekaa kibarazani miaka ishirini na tano bila kushika udongo. Wakati ule sikulisema hili, lakini sasa nalisema: nilitaka ukuta ambao ungekaa na mama badala yangu.

Nikaanza kuzunguka maduka ya vifaa vya ujenzi. La kwanza lilikuwa kubwa, na kijana wa kuuza alikuwa amevaa fulana yenye picha ya nyumba. Nilipomuuliza waranti akanipa karatasi inayoteleza, yenye picha ya familia inacheka mbele ya ukuta.

"Boss, miaka ishirini na tano. Andika wosia, ukuta utabaki."

Duka la pili liliuza vipande vya plastiki, vyepesi, vizuri kwa macho. Nilipouliza karatasi, mwenye duka akajipiga kifua. "Waranti ni mimi hapa."

"Na ukifa?"

"Utakuja matangani, utakula, utarudi nyumbani. Wewe unanunua ama unanihoji?"

Nilicheka, lakini nikatoka bila kununua.

Duka la tatu lilikuwa nyuma ya soko, la mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, aliyekuwa akipima misumari kwa kilo huku akinywa chai. Yeye alikuwa na mabati ya ukuta ya kampuni nyingine, na karatasi yake ilisema miaka kumi. Nilimwonyesha ile ya kwanza, nikamwambia, mama, wenzako wanatoa ishirini na tano.

Hakukasirika. Akapangusa mikono, akaigeuza karatasi ile upande wa nyuma ambako maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za wimbi. "Wewe ulisoma picha," akasema. "Chukua na yangu, nenda usome huku nyuma. Ukimaliza uje."

Nilisoma siku tatu, jioni, kwa kamusi yangu ya shule, maana karatasi zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Nilinunua daftari nikawa naandika kwa Kiswahili kila nilichoelewa, ili nimsomee mama kwenye simu. Niliona aibu kidogo jinsi nilivyozifurahia jioni hizo. Nilikuwa na kitu cha kufanya chumbani. Na karatasi zilikuwa zinaongea na mimi: sisi tutafanya hivi, wewe utafanya vile. Sikuwa nimewahi kuahidiwa kitu cha miaka ishirini na tano na mtu yeyote, hata kama ahadi yenyewe ilikuwa ya bati.

Lakini kadiri nilivyosoma, ile miaka ikawa inapungua mkononi. Ishirini na tano ilikuwa ya kutu kutoboa bati mpaka tundu lipite upande wa pili. Kutu ya juujuu haikuhesabiwa. Rangi ilikuwa na miaka yake, michache. Bati likiharibika watakupa bati, lakini fundi wa kulibandua na kulibandika ni wako. Likikatwa kwa mashine ya cheche, waranti imekwisha. Likigusa udongo mbichi, imekwisha. Likiwa karibu na moshi wa kuni au zizi la ng'ombe, imekwisha. Nilimfikiria mama: ukuta wa udongo, jiko la kuni upande mmoja, zizi upande wa pili. Ni kama karatasi ile iliandikwa na mtu aliyesimama bomani kwetu akitazama huku na huku.

Nikampigia nikamsomea yote. Alinisikiliza kwa subira, nikisikia kuku nyuma yake.

"Hao watu wa waranti wanakaa wapi?"

"Nairobi, mama."

"Wanapajua hapa?"

"Hapana, lakini kukiwa na shida tunawapigia. Wana simu."

"Mimi pia niko na simu," akasema. "Na wewe uko na simu."

Hakusema kwa ubaya. Baada ya hapo akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na haikuwa kweli, nikakaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.

Siku iliyofuata nilirudi kwa mama wa duka nyuma ya soko na daftari langu. Alinivutia kreti nikalie. Nikamwambia kwamba karatasi yake yenyewe pia nimeisoma. Yake ilikubali nyumba ya udongo, mradi bati lipigiliwe juu ya fremu ya mbao, hewa ipite katikati, na chini libaki wazi shubiri moja kutoka ardhini. Skrubu, si misumari. Likiharibika katika miaka kumi, yeye mwenyewe kama wakala atakuja kuangalia, na fundi ni juu ya kampuni.

"Umesoma vizuri kuliko wakandarasi wangu," akasema. "Lakini kuna mstari umeuruka."

Kweli nilikuwa nimeuruka, kwa sababu niliuona wa kawaida. Ulisema ukuta uoshwe kwa maji safi kila miezi sita, tarehe iandikwe, na aliyeosha atie sahihi. Chini kulikuwa na nafasi ya jina la mtu huyo.

"Nani ataosha?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Yuko na miaka mingapi?"

"Karibu sabini. Na bega linamsumbua."

"Anakaa na nani?"

Nikatazama misumari. "Anakaa peke yake."

"Sasa baba, utamwandika mtu wa bega mbaya apande kuosha bati juu? Hiyo waranti itakufa kabla hujabandika."

"Ile ya ishirini na tano haisemi kuosha."

"Inasema. Leta." Akaisoma na miwani yake puani, akaweka kidole mahali. Ilikuwa imeandikwa matunzo ya kawaida ya mwenye nyumba, basi. "Matunzo ni nini hapo? Ukienda kulalamika ndio watakuambia ni nini. Zote zinataka mtu, kijana wangu. Hii yangu inamtaja mapema, hiyo nyingine inamngojea mpaka siku ya kesi."

Akanimiminia chai. Akauliza nyumba iko wapi, nikamwambia Mautuma. Akauliza mimi niko wapi, nikamwambia hapa mjini, kinyozi. Akahesabu kimoyomoyo safari ya hapa na Mautuma, nikamwona akihesabu, kisha akarudia kupima misumari. Ningependa angesema kitu.

Jumapili hiyo nilifunga kinyozi nikaenda nyumbani kupima ukuta. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Nilimkuta mama amefunika lile pengo kwa turubai na magunia, amelishona kwa ustadi, na jirani mmoja, mwanamke mkubwa ambaye sote tunamwita senje, yaani shangazi, alikuwa amekuja kuomba mbegu ya mboga. Senje ndiye kiongozi wa wanawake wa kupaka. Nikawa najisifu mbele yao huku nikinyoosha kamba ya kupimia. Nikawaambia tutavalisha nyumba nzima, pande zote nne.

"Kwa hivyo Disemba hatutakuja?" senje akauliza.

"Hamtasumbuka tena, senje. Itakuwa imekwisha kazi."

"Mm," akasema. Akamtazama mama. Mama alikuwa anatoa mbegu kwenye kibuyu, anazihesabu, ingawa mbegu za mboga hazihesabiki.

Senje alipoondoka, mama akasema bila kunitazama, "Disemba wanakujanga kumi na wawili. Wanakaa mpaka jioni. Tunapika obusuma, ugali wetu, sufuria mbili." Akafunga kibuyu. "Mimi sikuomba ukuta wa kukaa bila watu. Niliomba usianguke."

Nikabaki na kamba mkononi. Nilikuwa nimesoma karatasi kwa siku tatu kutafuta nini kinaharibu bati. Huyu wa kukaa nyuma ya bati sikuwa nimemuuliza chochote.

"Na hapo pa kuosha," akaendelea, maana mstari ule nao nilikuwa nimemsomea baadaye, "utaandika nani?"

"Nitajiandika mimi."

"Utalala wapi ukikuja?"

Nikasema nitaosha nirudi siku hiyohiyo.

"Haya," akasema, na hiyo haya yake ilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Nilirudi mjini nikiwa nimebadilisha mpango. Nilinunua kwa mama wa duka mabati ya upande mmoja tu, ule wa mvua, ambao hauna jiko wala zizi karibu. Pesa nilizokuwa nimewekea pande nyingine tatu nilizigeuza kuwa miti, mabati ya kawaida ya paa, na mlango mmoja wa mbao. Mama wa duka alitazama orodha yangu, akasema, "Huo mlango ni wa nini, nyumba ya mama haina mlango?" Nikamwambia ni isimba. Akaandika risiti na karatasi ya waranti kwa jina la mama kama mwenye nyumba, na pale pa kuosha akaandika langu. Mlango akasema hana waranti ya milango, nisije kumsumbua.

Fundi wa kule kwetu alitaka kupigilia bati moja kwa moja juu ya udongo, kwa misumari ya paa, kama alivyozoea. Alitaka pia kukata kwa ile mashine ya cheche. Nilimsomea daftari. Akaniambia, "Wewe ni kinyozi ama ni wakili?" Lakini akaziba pengo kwa udongo, akaweka fremu, akatumia skrubu, akakata kwa mkasi wa bati huku akilalamika mpaka mwisho. Ukuta ukawa mzuri. Jua la asubuhi likiupiga, unaonekana kabla ya nyumba yenyewe.

Isimba yangu ilisimamishwa kwa miti na udongo, siku mbili. Ndogo, ya kitanda na kiti. Usiku wa kwanza humo nilisikia mama akifunga komeo la mlango wake ng'ambo ya uwanja, nikatamani kumwita nimwambie nimesikia. Sikumwita. Na asubuhi ilinibidi kurudi kazini.

Disemba wanawake walikuja. Kumi na mmoja, kwa sababu mmoja alikuwa ameenda kwa binti yake Likuyani. Walipaka pande tatu za nyumba ya mama, wakapaka isimba yangu kwa maneno mengi, kwamba kinyozi ana nyumba lakini hana wa kumkaangia hata yai. Mimi nilikuwa nachota maji kisimani. Nilipozunguka nyumba na ndoo, nilimkuta senje ameinama upande wa mvua, anamalizia. Ukuta wowote wa kwetu hupakwa mkanda wa majivu na samadi sehemu ya chini, ili nyumba ionekane imevaa. Na yeye, kwa mazoea ya miaka yote, alikuwa ameupaka mkanda huo mnene, ulionyooka, kutoka kona hadi kona, juu ya bati jipya.

"Senje, hapana. Hapo hapana."

"Hapana nini? Nikiacha hapa, nyumba itakuwa imevaa shati bila suruali."

Nilimpigia mama wa duka papo hapo. Nikamwambia majivu na samadi, bati zima, chini.

"Ilipakwa lini?"

"Sasa hivi."

"Ikikauka ikae ndio shida. Osha sasa, maji mengi, kitambaa laini. Usisugue na mchanga. Halafu uandike."

Nikaosha. Wanawake wote walikuja kutazama, wamekaa kwenye nyasi na mikono yao ya udongo. Walicheka mpaka mmoja akalala chini. "Huyu anaogesha nyumba," wakasema. "Oa, uogeshe watoto." Senje alijitia amekasirika kwa kazi yake kuharibiwa, halafu akaja kunishikia ndoo. Nilifuta kutoka kona hadi kona, nikasuuza mara tatu, na lilipokauka hapakuwa na alama. Nikatoa daftari, nikaandika tarehe, nikatia sahihi.

Jioni walikula wakaondoka mmojammoja kupitia mashamba, ambayo sasa yalikuwa yamevunwa, na tuliweza kuwaona mbali sana, na kuwasikia hata baada ya kutowaona. Mama na mimi tulibaki uwanjani na sufuria mbili tupu. Mimi nilikuwa wa kuondoka kesho yake.

Mama akalichukua daftari. Hajui kusoma sana, lakini alitazama sahihi yangu kwa muda, akapitisha kidole.

"Hii miezi sita," akasema, "ni wao wamesema?"

"Ni wao."

"Wanakataza mtu akiosha kabla?"

Nilikwenda kuleta karatasi yenyewe kutoka isimba. Nikaisoma mbele, nikaigeuza nikaisoma nyuma, polepole, kila mstari, mama akiwa amesimama karibu yangu akinitazama mdomo.

"Hawakatazi," nikamwambia. "Wameandika angalau mara moja kwa miezi sita."